Helikopta za jeshi zikizeeka: Kukarabati za zamani au kununua mpya?

Kila helikopta ya jeshi inapoanguka Kenya, swali linalozuka ni lile lile: kwa nini wanajeshi wetu bado wanarushwa na ndege za zamani?

Swali hilo lilisikika kila kona ya nchi baada ya Aprili 18, 2024. Siku hiyo helikopta ya Jeshi la Anga aina ya Huey ilianguka kaunti ya Elgeyo Marakwet muda mfupi baada ya kupaa. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki pamoja na wanajeshi wengine 9. Wawili walinusurika.

Kuuliza ni haki ya kila mwananchi. Lakini jibu si jepesi kama "nunueni mpya, basi". Kuna nchi zilizonunua mpya zikajuta. Kuna nyingine zimerusha helikopta moja karibu nusu karne bila aibu. Kinachotenganisha hizi mbili mara nyingi si mwaka ulioandikwa kwenye ndege. Ni pesa, mafundi na spea zinazoifuata baada ya sherehe ya kuikabidhi kuisha.

Haya hapa mambo ya kufahamu.

Kenya ilifikaje hapa?

Historia inaanzia mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya iliangalia majirani zake na kuingiwa na wasiwasi. Somalia ilikuwa imepigana na Ethiopia katika vita vya Ogaden, 1977 hadi 1978, na ilikuwa na vifaru vingi. Uganda nayo ilikuwa chini ya Idi Amin.

Jibu la Nairobi lilikuwa helikopta ndogo za Marekani, Hughes 500MD Defender, baadhi zikiwa na makombora ya TOW ya kulipua vifaru. Zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kambi yake ikawa Embakasi.

Vita vya vifaru vilivyotarajiwa havikutokea. Kazi iliyokuja ni nyingine kabisa. Oktoba 2011 KDF iliingia Somalia kupambana na Al-Shabaab. Baadaye kukawa na msitu wa Boni, operesheni dhidi ya majangili wa Bonde la Ufa, na uokoaji wakati wa mafuriko.

Kazi hizo hazihitaji kombora la kifaru. Zinahitaji ndege ya kubeba wanajeshi, kuokota majeruhi usiku, kupeleka maji na risasi kambini, na kulinda msafara ulio barabarani.

Ndio maana kwa miaka mingi Kenya imeongeza helikopta za kila aina: Puma za asili ya Ufaransa, Z-9 za China, Mi-171 za Urusi, Huey II na MD 530F za Marekani. Shika jambo hilo la kuwa na "kila aina", maana tutalirudia.

Helikopta inazeekaje?

Si kama gari. Umri wa helikopta hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Unahesabiwa pia kwa saa za kuruka.

Ndani yake kuna sehemu nyingi zinazozunguka kwa kasi muda wote: pangaboi kubwa la juu, pangaboi la mkiani, giaboksi na shafti. Mtetemo haukomi. Chuma kikitetemeka kwa muda mrefu kinachoka, na ufa wa kwanza huwa mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Kwa hiyo mtengenezaji huweka sheria: sehemu fulani ikifikisha saa kadhaa, itolewe hata kama inaonekana nzima. Nyingine hurudishwa kiwandani kufunguliwa yote na kufungwa upya. Fundi haruhusiwi kusema "hii bado iko sawa, tusukume nayo".

Maana yake ni kwamba helikopta ya miaka 40 iliyobadilishiwa kila kitu kwa wakati inaweza kuwa salama kuliko ya miaka 8 iliyokosa matengenezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa helikopta huo ukuta hujengwi. Unazikwa.

Uzee unauma kwa njia tatu. Kwanza, spea zinaadimika kwa sababu kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Pili, saa za karakana zinapanda huku saa za angani zikishuka. Tatu, vyombo vya zamani havimsaidii rubani gizani, kwenye ukungu au vumbi kama vya kisasa.

Zikiwa 12, zinaruka ngapi?

Hapa ndipo wengi wetu tunadanganyika. Serikali ikitangaza helikopta 12, tunapiga picha ya 12 angani.

Makisio yanayotumika sana na wanaopanga mambo ya ndege za kijeshi ni theluthi: kati ya tatu, moja iko karakana kwa matengenezo makubwa, moja iko kwenye ukaguzi au mafunzo, na moja ndiyo iko tayari kwa kazi. Ukiwa na 12, basi tegemea 4 hivi siku ya shida.

Jeshi kubwa likipoteza helikopta moja halishtuki sana. Jeshi dogo likipoteza moja limepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake.

Uganda ilionja hilo Agosti 12, 2012. Helikopta zake nne zilikuwa zikipitia Kenya kuelekea Somalia. Tatu, zote Mi-24 za mashambulizi, zilianguka Mlima Kenya. Watu 7 walikufa. Ya nne, Mi-17 ya uchukuzi, ilifika Garissa salama. Kikosi kizima cha mashambulizi kilichotumwa kilimalizika siku moja, kabla hata ya kumwona adui.

Njia ya kwanza: Kukarabati

Mfano mzuri ni hiyo hiyo Huey. Ilipaa mara ya kwanza mwaka 1956 na zaidi ya 16,000 zilitengenezwa. Ndiyo helikopta ya vita vya Vietnam unayoiona kwenye filamu.

Huey II ni ukarabati wa mwili wa UH-1H ya zamani. Ndege inavuliwa hadi mifupa, nyaya zinabadilishwa, na inafungwa mitambo ya kuzungusha pangaboi iliyotokana na helikopta nyingine ya kampuni ya Bell, aina ya 212. Injini inatoka nguvu farasi 1,400 hadi 1,800. Uzito inaoruhusiwa kuruka nao unapanda kutoka kilo 4,309 hadi 4,763.

Marekani ilianza kuikabidhi Kenya helikopta za aina hii mwishoni mwa 2016, kundi la kwanza kati ya 8 zilizoahidiwa.

Faida ziko wazi. Bei iko chini ya mpya. Rubani aliyezoea Huey haanzi shule upya. Fundi naye anajua pa kushika.

Hasara pia ipo. Ukarabati unakupa injini yenye nguvu na nyaya mpya, lakini umbo linabaki la miaka ya 1950: injini moja tu. Ikizimika, rubani hana ya pili ya kumfikisha uwanjani. Anachobaki nacho ni ustadi wa kushusha ndege kwa pangaboi linalozungushwa na upepo, na hilo linataka nafasi chini na mita za kutosha angani. Juu ya msitu au bonde lenye miamba, nafasi hiyo ni finyu.

Njia ya pili: Kununua mpya

Mei 2017 Marekani iliidhinisha kuiuzia Kenya helikopta 12 za MD 530F kwa makadirio ya dola milioni 253, takriban shilingi bilioni 26 wakati huo.

Ukigawa, ni kama dola milioni 21 kwa kila moja. Kuna waliosema hiyo ni bei ya kuibiwa. Lakini hesabu ya aina hii haihusu ndege tupu. Ndani yake kulikuwa na bunduki, roketi, spea na mafunzo. Ndivyo mauzo ya kijeshi yalivyo: kiasi kinachotangazwa ni dari ya kifurushi kizima, si risiti ya ndege peke yake.

Januari 2020, karibu miaka mitatu baadaye, KDF ilikabidhiwa 6 Embakasi. Kuidhinishiwa ni jambo moja na kuona ndege uwanjani ni jambo jingine. Ukisoma kichwa cha habari kinachosema "Kenya kununua helikopta 12", subiri.

Chaguo lenyewe lilikuwa na mantiki. MD 530F ni ndugu mdogo wa ile 500MD ya 1980, hivyo mafundi hawakuikuta kama mgeni. Tena imeundwa kwa sehemu zenye joto na mwinuko: injini yenye nguvu zaidi, pangaboi refu na mkia mrefu.

Mwinuko si jambo dogo kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na kilele cha Mlima Kenya kinafika mita 5,199. Hewa ikiwa nyepesi, pangaboi hukosa cha kushika na injini hukosa pumzi. Helikopta inayobeba watu 10 Mombasa alfajiri inaweza kulazimika kupunguza abiria Eldoret saa nane mchana. Ndio maana kijitabu cha mauzo kilichoandikwa kwa hali ya hewa ya Ulaya hakitoshi.

Njia ya tatu: Mitumba

Usicheke, hata nchi tajiri zinanunua. Mwaka 2013 New Zealand ilinunua helikopta za majini aina ya Seasprite ambazo Australia iliziagiza kisha ikazikataa. Ilichukua 10 kwa dola za New Zealand milioni 242. Nane za kuruka, mbili za kutolewa spea.

Mtumba mzuri ni ule unaokuja na stoo yake ya spea na vitabu vyake vya matengenezo. Ukija peke yake, umenunua pambo.

Mpya si dawa ya kila kitu

Tuangalie Ufilipino. Ilitaka kuachana na Huey zake za zamani, ikaagiza Black Hawk mpya 16 kutoka kiwanda kilichoko Poland kwa dola milioni 241. Za kwanza zilifika Novemba 2020. Juni 2021, moja kati ya hizo mpya ilianguka katika mazoezi ya usiku na kuua watu 6 waliokuwemo.

Nyumbani pia, Mi-171 iliyoanguka Kajiado Juni 24, 2021 na kuua wanajeshi wasiopungua 10 haikuwa ya kizazi cha Vietnam. Ilikuwa miongoni mwa helikopta changa za jeshi letu.

Hakuna ajali moja inayothibitisha kuwa uzee unaua au kwamba upya unaokoa. Zinachoonyesha ni kuwa mafunzo, hali ya hewa, giza na matengenezo viko kwenye mizani moja na umri.

Halafu kuna Norway. Mwaka 2001 iliagiza helikopta 14 za kisasa aina ya NH90 kwa kazi za walinzi wa pwani na meli za kivita. Zilichelewa miaka na miaka. Zilipofika, spea na mafundi havikutosha. Jeshi lilihitaji saa 3,900 za kuruka kwa mwaka. Lilikuwa likipata wastani wa saa 700, chini ya moja ya tano.

Juni 2022 Norway ilichoka. Ilisema inazirudisha zote na inataka pesa yake, karibu kroner bilioni 5. Mwaka uliofuata ikaagiza Seahawk 6 za Marekani.

Kama nchi yenye mafuta na pesa kama Norway inaweza kukwama hivyo, jeshi la bajeti ndogo lifunge mkanda.

Tatizo la kuwa na kila aina

Gari lako la Toyota likiharibika Nairobi, unateremka Kirinyaga Road na spea unapata kabla ya chakula cha mchana. Helikopta haina Kirinyaga Road.

Kila aina mpya inaleta stoo yake ya spea, vifaa vyake vya karakana, vitabu vyake, mafunzo yake ya rubani na fundi. Nyingine inaleta hata lugha yake. Fundi wa Mi-171 hawezi kuhamia Huey Jumatatu akaanza kazi. Pangaboi la Z-9 halina kazi kwenye MD 530F.

Ukiwa na helikopta 40 za aina moja, una tatizo moja la spea. Ukiwa na 40 za aina sita, una matatizo sita, na kila moja lina helikopta chache za kuligharamia.

Spea zikikosekana, karakana inaanza kuchinja: ndege moja inatolewa vifaa ili nyingine iruke. Kwa wiki moja ni akili. Kwa mwaka mzima ni ugonjwa, kwa sababu ile iliyochinjwa hairudi tena.

Muuzaji naye ana siasa zake

Spea ni uhusiano wa miaka 30. Ukikosana na muuzaji, au dunia ikikosana naye, ndege zako zinakaa chini.

Ufilipino hiyo hiyo ilisaini mkataba wa Mi-17 za Urusi 16 mwishoni mwa 2021. Urusi ikavamia Ukraine Februari 2022. Julai mwaka huo Manila ikafahamisha kuwa imeufuta mkataba kwa kuhofia vikwazo vya Marekani.

Hili linawagusa wote Afrika Mashariki wenye helikopta za Urusi. Si ndege mbaya. Zinabeba mzigo mkubwa na zinavumilia vumbi. Lakini kulipa kampuni iliyowekewa vikwazo, au kupeleka giaboksi ikafanyiwe matengenezo makubwa, si rahisi kama zamani.

Msaada nao una bei yake. Helikopta ya bure bado inakunywa mafuta yako, inakula spea za aliyeitoa na inahitaji ruhusa yake.

Waliofanya vizuri walifanya nini?

Ireland ni jeshi dogo. Ilirusha Alouette III kuanzia 1963 hadi 2007, miaka 44, pembeni yake ikiwa na Gazelle na Dauphin. Ilipobadilisha haikukusanya kila aina. Ilichukua AW139 sita kwa kazi kubwa na EC135 mbili kwa mafunzo na kazi ndogo. Aina mbili tu.

New Zealand ilianza na Huey mwaka 1966 na kuziaga 2015. Mwaka 2006 iliagiza NH90, ndugu za zile zilizoitesa Norway, ila za nchi kavu. Ilipata 8 za kuruka na ya 9 ikanunuliwa makusudi iwe chanzo cha spea, yote kwa dola za nchi hiyo milioni 771. Tangu kuagiza hadi Huey ya mwisho kustaafu ilipita miaka 9, na muda huo wote za zamani ziliendelea kutunzwa kama ndege za kazi.

Hapo kuna funzo mara mbili. Kwanza, bajeti ya spea iliingia kwenye mkataba wa kununua, si baadaye. Pili, hawakuacha za zamani zioze wakisubiri mpya.

Maswali ya kuwauliza wakubwa

Kwa hiyo tangazo jingine la helikopta za jeshi likitoka, usiishie kwenye picha ya waziri akiwa amekaa kiti cha rubani. Haya ndiyo maswali ambayo Wizara ya Ulinzi, na wabunge wa kamati ya ulinzi wanaoidhinisha pesa, wanapaswa kujibu:

- Je, ni aina mpya kabisa au inafanana na tulizo nazo? Kama ni mpya, ipi inaondoka?
- Mkataba una spea za miaka mingapi?
- Matengenezo makubwa yatafanyika Kenya, au ndege itasafirishwa ng'ambo kila mara?
- Marubani na mafundi wangapi watafunzwa, na wakihamia mashirika binafsi kwa mshahara mnono nani atabaki?
- Itaruka saa ngapi kwa mwaka, na mafuta yake yako kwenye bajeti?
- Vyombo vya kuruka usiku vimo, au vitaongezwa "baadaye"?
- Ajali ikitokea, matokeo ya uchunguzi yatawafikia mafundi na marubani wote, au yatafungiwa kabatini?

Siri za jeshi zipo na zina sababu. Idadi ya makombora na njia za doria hazihitaji kuanikwa. Lakini saa za kuruka, bajeti ya matengenezo na idadi ya aina za ndege ni mambo ambayo nchi nyingine hujadili bungeni mchana kweupe. Norway ilisema hadharani saa 700 badala ya 3,900. Aibu ilikuwa kubwa, lakini kusema ndiko kulikofungua mlango wa kurekebisha.

Kwa kifupi

Kukarabati kunafaa pale mwili wa ndege una maisha, spea bado zinatengenezwa, na kazi haijabadilika sana. Kununua mpya kunafaa pale matengenezo yameanza kula muda kuliko kuruka, au pale kazi inahitaji injini mbili na macho ya usiku ambayo ndege ya zamani haiwezi kupewa.

Njia yoyote kati ya hizo inaweza kuwa sahihi. Kosa ni kununua ndege bila kununua miaka yake 30 ijayo. Wanaolipia kosa hilo ni vijana wanaopanda kila siku, wakiamini kwamba kuna fundi mahali aliyebadilisha kile chuma kilipofika saa zake.